Mifupa Iliyogeuka Jiwe: Maneno kwa Watu wa Bukoba na Muleba



Leo twataka kunena juu ya mifupa ya zamani iliyogeuka kuwa jiwe, ambayo wataalamu huiita visukuku. Twanena nanyi kwa kuwa ninyi ndinyi mnaolima, mnaochimba visima na kupasua mawe. Nanyi mwaweza kukiona kitu cha namna hiyo kabla ya mtaalamu yeyote.

Kwanza tuungame kosa letu. Siku moja tulipanda majabali yaliyo karibu na mji wa Bukoba pamoja na vijana wa shule. Tukaokota bamba la jiwe lenye alama nyeusi zilizotawanyika kama matawi ya mti mdogo. Tukashangilia, tukisema kwamba huo ni mmea wa kale, tukalibeba hata kwa mjuzi wa mawe. Naye akatuonyesha ya kuwa alama zile zilikuwa juu ya ufa tu, wala hazikuwa na mishipa kama ya jani. Yalikuwa madini ya manganizi, yaliyoachwa na maji yapitayo katika nyufa za jiwe. Kisha akauliza, “Mlilitoa mahali gani hasa?” Hatukuweza kujibu. Hapo ndipo tulipoona haya. Kudanganyika na jiwe si aibu, bali kutojua lilikotoka ni hasara; maana lau lingalikuwa kisukuku cha kweli, tungalikuwa tumekwisha kuipoteza nusu ya habari yake.

Mjuzi yule alitufundisha tena kwamba mawe ya mchanga ya Bukoba yana umri wa zaidi ya miaka milioni 600. Yalifanyika kabla hajatokea mnyama mwenye mifupa; basi msitafute mifupa ndani yake. Mikunjo mnayoiona juu ya mabamba mengine si mbavu za mnyama, ni alama za mawimbi ya maji ya kale. Lakini tope na changarawe zilizowekwa na mito na Ziwa baadaye sana ni jambo jingine, na hapo yafaa kufungua macho.

Je, mfupa uliogeuka jiwe hutambulikanaje? Mara nyingi huwa mzito kuliko mfupa mpya. Mahali ulipovunjika huonekana vitundu vidogo vidogo, kama vya mfupa wa mbuzi uliovunjwa jikoni. Jino huwa na ngozi ngumu yenye kung’aa. Basi ulinganisheni na mifupa ya ng’ombe, ya mbuzi na ya samaki mnayoijua. Umbo peke yake lisiwadanganye, maana mawe mengi hufanana na yai, na mguu, hata na kichwa.

Tena msidhani ya kuwa kazi hii ni ya wataalamu peke yao. Ng’ambo ya Ziwa letu, huko Koru karibu na Kisumu, H. L. Gordon aliona mifupa ndani ya mawe ya chokaa mwaka 1926. Hakuwa mtaalamu wa visukuku, wala hakuificha. Habari ikafika katika makumbusho ya London, na A. T. Hopwood akatambua kati ya mifupa ile taya la mnyama wa jamii ya sokwe. Hopwood akaja mwenyewe mwaka 1931, na mwaka 1933 akampa mnyama huyo jina la Proconsul. Mwaka 1948 Mary Leakey akapata fuvu la mnyama wa jamii hiyo katika kisiwa cha Rusinga, lililokaa ardhini yapata miaka milioni 18. Hayo yote yalianza kwa mtu mmoja aliyeona, akasema.

Basi mkiona kitu mnachokidhania, kiacheni mahali pake. Msikichimbe, wala msikiuze. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yakataza kuchimba vitu hivyo pasipo kibali. Andikeni tarehe, jina la kijiji, na alama isiyohama iliyo karibu, kama jabali au njia panda. Chora umbo lake, na kando yake chora kiganja ili ukubwa wake ujulikane. Kama mvua yakaribia kukichukua, kifunikeni kwa majani makavu ya mgomba na mawe machache. Kisha mpeni habari mtendaji wa kijiji, naye aifikishe wilayani na kwa Makumbusho ya Taifa.

Nanyi walimu, wafundisheni watoto kusema “bado hatujajua” pasipo kuona haya. Jiwe lile letu lingaliko shuleni, nasi tumeandika juu yake: “Si mmea. Mahali lilipotoka hapajulikani.” Kila mtoto alisomapo huuliza sababu, nasi humweleza. Kuuliza si ujinga.