Kijana asiyejua sudire aanzie wapi?



Hapa Lusenda, hata kule Baraka, kijana anakuja kwetu anasema: nipeni mashine ya sudire nianze kazi. Wengine wamekulia kambini Nyarugusu, chuma hawajakishika. Tunamjibu: kwanza msumeno. Miezi ya mwanzo ni kupima, kukata na kunyoosha pembe. Mlango uliokatwa vibaya, hata fundi hodari hawezi kuuokoa kwa kuchomelea.

Halafu macho. Hapo tulikosea sisi wenyewe. Kikundi kimoja tulikipa mashine na jenereta, lakini kinga ya uso yenye kioo cheusi ilikuwa moja kwa watu wanne. Usiku wawili wakaja wanalia, macho kama yamejaa mchanga. Ule mwanga unachoma hata aliyesimama pembeni anatazama tu, na maumivu yanakuja saa kadhaa baadaye. Tuliona haya kweli.

Na mafuta je? Jenereta inakunywa petroli, na anayejifunza anaharibu bageti nyingi kabla mshono mmoja haujashika. Pesa ya hivyo ikikosekana, mashine inalala, kisha inauzwa.

Basi wafadhili, tupeni mashine chache, vioo vingi, na petroli ya mazoezi. Nanyi mafundi wenye karakana, tunajua mnaogopa kijana atawanyang'anya wateja. Lakini milango ya kutengeneza Baraka haijaisha. Tunao vijana sita wanangoja. Nani atachukua wa kwanza?