Yakini ya Mtoto, Yakini ya Mvuvi
Katika miaka ya 1954 na 1955, Bibi Mary Ainsworth, mwanasaikolojia, alipokuwa akiwatazama akina mama wa Kiganda na watoto wao wachanga karibu na Kampala, alibaini kwamba mtoto mwenye yakini na mama yake ndiye athubutuye kutambaa mbali; na mwaka 1990 Cindy Hazan na Phillip Shaver, huko Marekani, wakaitumia fikira hiyo kwa watu wazima na kazi zao. Hapa Uvira, wasikilizaji, ambako wavuvi wa ndagala hutoka usiku na taa zao, nasadiki vivyo hivyo kwamba mvuvi aliyezoea kupewa haki yake bila hila hukiri mapema kuwa wavu umechanika, ilhali aliyedhulumiwa huficha. Tajiri anayelalamikia uongo wa vijana wake na awagawie fungu lao alfajiri ileile, hadharani.