Kadi Bila Kikao Ni Karatasi Tu

(Nilichowaambia wanachama wapya kwenye kikao cha vijana wa tawi letu)



Mtaani tunaambiwa, "Siasa waachie wenyewe, wewe tafuta hela." Sawa, hela tutafute. Lakini mkopo wa chuo, bei ya umeme na ushuru wa genge lako anapanga nani? Na huyo anayepanga kapitia mlango gani?

Mlango ni chama. Katiba ya nchi ya 1977, ibara ya 67, inataka mgombea ubunge awe mwanachama wa chama na apendekezwe na chama. Ibara ya 39 inasema hivyo hivyo kwa urais. Mchungaji Mtikila alipigania mgombea binafsi mahakamani kwa miaka, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika pale Arusha ikampa haki. Ibara zenyewe bado zipo vilevile.

Maana yake, kabla hujapanga foleni kupiga kura, kura nyingine imeshapigwa ndani ya vikao vya vyama. Usipokuwemo, unachaguliwa wa kumchagua.

Sasa na sisi kwa sisi tuambiane ukweli. Wapo viongozi wanaopenda vijana wa kubeba spika, kubandika mabango na kujibizana mitandaoni. Ikifika kuteua wagombea, vijana tunaambiwa tusubiri nje. Msikubali! Soma katiba ya chama. Uliza uchaguzi wa tawi ni lini, fomu zinachukuliwa wapi, michango imetumikaje. Na lipa ada yako, ili ukisimama kuuliza asikuambie mtu kaa chini.

Sheria inakuruhusu kujiunga ukiwa na miaka 18, na kugombea ubunge ukiwa na 21. Hiyo mitatu ya katikati ndiyo ya kujifunza kuendesha kikao, kuandika muhtasari, kusimamia kura na kushindwa bila kununa.

Najua kuna waliokuja hapa wazazi hawajui. Mama anaogopa utakosa kazi, utakamatwa. Sitawadanganya kwamba hofu hiyo ni ya bure. Ila vyama vingi ni sheria tangu 1992. Kadi ya upinzani si kosa. Mweleze mama kwa heshima, usimgombeze. Anakupenda.

Kikao kijacho njoo na kadi, njoo na swali, njoo na rafiki mmoja.

Mapambano yaendelee!