Nguo za Sultani

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Lindi huuvuka Rufiji, mto wa viboko na mamba, kwa Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003. Wengi hupindia Kilwa Masoko, wakapanda mashua kwenda Kisiwani kuyatazama magofu.

Kisiwani hapo Ibn Battuta alifika mwaka 1331. Aliandika kwamba Sultani al-Hasan bin Sulaiman, akitoka kusali Ijumaa, alisimamishwa njiani na fukara aliyemwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia nyumbani mwa khatibu, akazivua, akampa. Watu walimwita Abul-Mawahib, yaani Baba wa Zawadi.

Leo jumba la Husuni Kubwa, linalosadikiwa kuwa lake, halina paa. Dhahabu ya Sofala iliyoitajirisha Kilwa imekwisha. Nguo zile zingali zinasimuliwa.

Ndugu zangu, tukirudi safarini tunaonyeshana picha za viboko na kuta za kale. Je, yule mama aliyesimama kando ya barabara na mtoto mgonjwa mgongoni, akitupungia mkono, tulimwona? Magofu yatatungoja, yeye hawezi kungoja. Tusimamishe gari. Amina.