Mji wa Maporomoko na Njia Yetu



Tumeombwa kusema juu ya mji wa Kisangani. Labda mmoja anajiuliza kwa nini siku ya furaha ya Eringeti tuzungumze juu ya mji ulio ng'ambo ya msitu wa Ituri. Sababu yetu ni kwamba njia inayokata Eringeti inakwenda huko: Komanda, Mambasa, Epulu, Nia-Nia, Bafwasende, na mwisho mto. Tena Misioni ya Beni, iliyosimamishwa mwaka 1934, ilikatwa kutoka Vikarieti ya Stanley Falls, ambayo ndiyo Jimbo Kuu la Kisangani la leo. Tunapousema mji ule tunasema nyumba tuliyozaliwa ndani yake.

Kutoka Kinshasa mto Kongo unapandwa kwa mashua karibu kilomita 1,700 bila kizuizi. Kisha yanakuja maporomoko saba, na mashua haiwezi tena. Mtu akifika pale, apende asipende, anashusha mizigo. Sisi tunaona kwamba hicho ndicho kilichojenga mji. Mahali maji yanapopita bila tabu, watu pia wanapita. Mahali mzigo unaposhushwa, panatakiwa mtu wa kuubeba, mwingine wa kuulinda usiku, mwanamke wa kupika, na nyumba ya kulala. Wagenia walilijua jambo hili kabla ya wageni wote. Walisimamisha miti mikubwa katika miamba, penye maji makali, wakafunga humo vikapu vyao vya kutegea samaki, na hata leo wanavua hivyo. Walokele nao walikuwa wakipanda na kushuka na mitumbwi yao ya biashara.

Mwaka 1883 Stanley, yule aliyeitwa Bula Matari, aliweka kituo katika kisiwa karibu na maporomoko. Lakini hakuwa wa kwanza kuyatamani. Wafanyabiashara waliotoka pwani na Unguja walikuwa wamekwisha kufika, wakitafuta pembe za ndovu na watumwa. Mwaka 1886 kituo kikaanguka mikononi mwao, na mwaka 1887 Dola Huru ya Kongo ikamfanya mkubwa wao, Tippu Tip, kuwa gavana wa mahali pale. Tusifiche neno: Kiswahili hiki tunachokitumia altareni na sokoni kilikuja na misafara ile, pamoja na minyororo. Jina lenyewe la Kingwana linatokana na wangwana, watu wa misafara. Wazee wetu walitupa minyororo, wakashika lugha.

Mwishoni mwa mwaka 1897 alifika Padri Gabriel Grison, wa Mapadri wa Moyo Mtakatifu, akafungua misioni ya Mtakatifu Gabrieli. Mwaka 1906 njia ya reli ikamalizika, kilomita 125 hivi, kutoka ukingo wa kushoto, Lubunga, mpaka Ubundu, ili kuyazunguka maporomoko. Toka siku ile mzigo ukaweza kutoka mashua kwenda gari la moshi, na kutoka gari la moshi kurudi mashua nyingine kuelekea Kindu. Wafanyakazi wakaja kutoka pande zote, na ndiyo sababu sokoni kule Kilingala na Kiswahili vinakaa benchi moja. Serikali, posta (Patrice Lumumba alifanya kazi humo), viwanda, na chuo kikuu kilichoanza mwaka 1963 vilifuata bandari, si bandari iliyovifuata. Mwaka 1966 jina la Stanleyville likaondolewa.

Mji unaoita watu wote unawaita pia wenye silaha. Mwezi wa nane 1964 Wasimba waliuteka. Mwezi wa kumi na moja askari wa Ubelgiji walishuka kutoka angani, na katika siku zile mapadri, watawa na raia wengi mno waliuawa. Mwezi wa sita 2000 majeshi mawili ya kigeni, ya Rwanda na ya Uganda, yalipigana siku sita katikati ya nyumba za watu. Umoja wa Mataifa uliandika kwamba raia zaidi ya 760 walikufa. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa iliamuru Uganda ilipe Kongo dolari milioni 325 kwa maovu ya vita vile vyote vya mashariki.

Hapa ndipo historia yao inapoingia katika yetu. Vita vya 1998 vilipoukata mto, mashua za biashara hazikupanda tena kutoka Kinshasa. Mji wa bandari ukabaki bila bandari, ukageuza uso kuelekea kwetu. Vijana walisukuma baiskeli zilizobeba mizigo kupita urefu wao, siku na siku msituni, kwa sababu kamio hazikuweza kupita katika matope. Njia ilipotengenezwa, wafanyabiashara wa Butembo na Beni wakajaa Kisangani. Bidhaa zinazoingia kwa Kasindi zinafika mpaka mtoni.

Eringeti nayo ni mahali pa kushusha mzigo. Kutoka upande wa Kainama, mavuno ya mashamba yanashuka hapa, na kakao inalala hapa kabla ya kupanda gari. Lakini tangu mwezi wa kumi 2014 mauaji yametupunguza katika eneo letu la Beni, na tarehe 29 mwezi wa kumi na moja 2015 yalifika hapa hapa Eringeti. Mwaka 2021 magari ya njia ya Beni na Komanda yalikuwa yakisindikizwa na askari, na hata hivyo yakashambuliwa. Vitabu vya Kisangani vinataja magavana na wahandisi. Wasukuma baiskeli hawamo, wala madereva wetu, wala wanawake waliouawa wakitoka shambani.

Kwa hiyo tumeweka daftari mezani kwa katekista. Mwenye ndugu aliyekufa njiani, aandike jina lake na mahali alipofia. Yatasomwa katika Misa ya kesho, yote, hata ikiwa yatachukua saa nzima.