Hesabu za Serikali na Nguzo ya Umeme

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi habari za hesabu. Sisemi hesabu za ubaoni, ambazo wanafunzi wangu huziogopa kama nyoka, bali zile kubwa zitolewazo na Serikali kuonyesha nchi imevuna nini, imeuza nini, na watu wangapi wanao umeme. Je, zafaa kuaminiwa?

Tuanze hapa hapa Kyela, penye gunia la mpunga. Bwana Shamba huuliza, "Mzee, umevuna magunia mangapi?" Mzee hujibu, "Kumi." Lakini gunia lipi? Sheria yataka lisizidi kilo 100. Walakini sote tumeiona lumbesa, gunia lililoongezwa kilemba juu hata likakaribia kumwangusha mchukuzi. Kumi za lumbesa si sawa na kumi za halali, na kitabuni huandikwa kumi tu. Tena mpunga mwingine huvuka mto Songwe kwenda Malawi bila kupita forodhani Kasumulu. Umelimwa, umeuzwa, umenunua daftari za watoto, lakini kwa hesabu za biashara ni kana kwamba haukuota. Na kuni je? Mama aokotaye kuni hapewi hati ya malipo, wala hakuna mita ya moshi. Hapo mwenye kuhesabu hana budi kuuliza na kukisia. Kukisia si kusema uongo, mradi aseme kwamba amekisia.

Sasa umeme. Katika uchunguzi rasmi wa mwaka 2019/20 ilionekana ya kuwa watu 78.4 katika kila 100 wa Tanzania Bara walikuwa wamefikiwa na umeme. Uchunguzi ule ule ulionyesha kwamba kaya zilizounganishwa hasa ni 37.7 tu katika kila 100. Mtu akisikia hayo atasema mmojawapo amedanganya. La, zote mbili zaweza kuwa kweli, kwa maana "kufikiwa" kwamhesabu hata yule akaaye karibu na laini, ijapokuwa nyumbani mwake hamna taa.

Nalikwenda na wanafunzi wangu katika kijiji kimoja cha ufukweni. Tulimkuta mama mmoja ambaye nguzo imesimama uani kwake, naye hufungia kamba ya nguo hapo. Jioni wanawe walisoma kwa kibatari. Ada ya kuunganishiwa umeme kijijini, shilingi 27,000, alikuwa ameiweka akiba; kilichomshinda ni waya, swichi na ujira wa fundi. Akaniambia, "Mwalimu, mimi nimehesabiwa, lakini sijaangaziwa." Sikuwa na jibu. Mtu akiisoma 78.4 peke yake atadhani kazi ya mama huyu imekwisha, na fedha zitapelekwa kwingine.

Ndiyo maana watu wawe na ruhusa ya kuuliza. Mwaka 2018 sheria ya takwimu ilibadilishwa, ikawa kosa kutangaza habari za kuzipinga au kuzitia dosari takwimu rasmi, na adhabu yake ilikuwa faini au kifungo. Benki ya Dunia ilionyesha wasiwasi wake waziwazi, na mwaka 2019 vifungu hivyo vikaondolewa. Mimi naona ilikuwa heri. Mwalimu asiyekubali kusahihishwa ubaoni huwafundisha watoto makosa yake, nami nalisahihishwa mara nyingi.

Lakini msinielewe vibaya: nisingependa mtu azitupe hesabu hizo zote, akategemea maneno ya kilabuni. Bila uchunguzi ule tusingaliijua 37.7 hata kidogo. Walioitoa ni maofisa wale wale.

Wanafunzi wangu nimewapa kazi ya likizo. Kila mmoja apime kwa mizani magunia matano ya jirani zake, kisha ahesabu nyumba zilizo karibu na nguzo, na usiku ahesabu zile ziwakazo taa. Majibu yao nayangoja. Kwaherini.