Mali Inapita, Sisi Twabaki

(Hotuba kwa wanachama wa Busia na Malaba)



Leo twataka kusema juu ya fedha za Serikali na mipango ya maendeleo hapa mpakani. Jambo hili si la wakubwa peke yao. Ni la mpagazi, dereva, mama wa sokoni, karani na mkulima.

Watu husema upande huu ni maskini. Lakini tazameni barabara. Kila siku malori ya mafuta, saruji, chuma na nguo hutoka Mombasa yakapita Malaba na Busia kwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo. Reli yapita Malaba, nayo ilifika Kampala mwaka 1931. Hata neno boda boda lilizaliwa hapa Busia, vijana walipobeba abiria kwa baiskeli toka mpaka mmoja hata wa pili. Basi mali ya kuona kwa macho tunayo. Tunayokosa ni mali ya kubaki.

Kwa nini haibaki? Kwanza, mwaka 1965 Serikali ilitoa Waraka Na. 10 juu ya Ujamaa wa Kiafrika na mipango ya Kenya. Waraka ule ulisema fedha za maendeleo ziwekwe mahali zitakapozaa zaidi: penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Mahali pengine paliambiwa kwamba faida itakayopatikana kule itapasaidia baadaye. Aliyekuwa nacho akaongezwa, na wengine wakangoja.

Pili, ushuru wa forodha si wa kaunti. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 209, yaupa Serikali ya taifa. Kaunti hupata kodi ya ardhi na majumba, ada za soko, maegesho na leseni. Kwa hiyo ushuru hulipwa mbele ya macho yetu, ukaenda Nairobi. Hapo hatusemi kuna wizi, maana ndiyo sheria. Lakini sheria hiyo hiyo imefungua mlango wa kurudi: kifungu cha 203 chasema kaunti zote zipate si chini ya shilingi 15 katika kila 100 za mapato ya taifa, kwa hesabu zilizokwisha kukaguliwa.

Tuone kilichorudi. Mwaka wa fedha 2021/22 kaunti 47 zilitengewa shilingi bilioni 370, na Busia fungu lake lilikuwa bilioni 7 na kidogo. Watu wetu katika hesabu ya mwaka 2019 walikuwa 893,681. Ukigawanya, ni kama shilingi 8,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka mzima, yaani shilingi 22 kwa siku. Humo mna hospitali, mishahara, barabara ndogo na shule za chekechea. Fedha kidogo namna hii haziwezi kupotea hata shilingi moja bila mtu kuumia.

Sasa tuseme juu ya mpaka wenyewe. Februari 2018 Marais wa Kenya na Uganda walifungua rasmi kituo cha pamoja hapa Busia. Maofisa wa nchi mbili hukaa mahali pamoja, na lori hukaguliwa mara moja badala ya mbili. Ni kazi njema. Lakini ndugu, ni nani waliokuwa wakila katika kungoja kule? Ni mama wa chakula, mwenye vyumba vya wageni, kijana wa kupakia. Saa za lori zilihesabiwa vizuri. Sisi twauliza: hesabu ya mikono yetu iko wapi?

Hatutaki foleni irudi. Mwaka 2020, wakati wa Korona, tuliona malori yamepangana makilomita mengi kuelekea Malaba, na madereva wakilala njiani. Hakuna mwenye akili atakayeomba hayo. Tunachotaka ni kwamba mali ikifika hapa ifanyiwe kazi hapa: maghala ya mizigo, soko lenye paa, mitambo ya kusaga muhogo wa Teso, barafu kwa samaki wa Port Victoria, na maegesho yenye maji na vyoo.

Haya hayaji kwa kulalamika kijiweni. Mpango una kalenda yake katika sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012. Kufika tarehe 1 Septemba mpango wa mwaka unaofuata hupelekwa katika Bunge la Kaunti. Kufika 28 Februari hupelekwa waraka wa mwelekeo wa fedha. Kufika 30 Aprili hupelekwa makadirio, nayo yapitishwe kabla ya 30 Juni kwisha. Sheria hiyo yataka pia, katika mwendo wa miaka, si chini ya shilingi 30 katika kila 100 ziwekwe katika maendeleo. Anayekuja mwezi wa Julai na malalamiko amefika sokoni watu wamekwisha kufunga.

Kwa hiyo twaomba kila tawi lifanye mambo matatu. Moja, lichague mpagazi, mama wa sokoni na dereva waende katika mikutano ya bajeti. Katiba yataka wananchi washirikishwe. Pili, waende na karatasi moja: kazi gani, mahali gani, itaajiri watu wangapi. Tatu, waombe orodha ya kazi za mwaka uliopita, kisha waende kuziona kwa macho. Kisima kilichochimbwa katika karatasi hakitoi maji.

Tena tusigawanywe. Mteso, Msamia, Mmarachi, Mkhayo na Mnyala, jasho lao ni moja, na lori haliulizi kabila la anayelipakua.